Pampu Iwakayo na Kuzima Kila Mara: Mazungumzo juu ya Tangi la Presha la Kisima



Katika vyama vingi vya msingi, na katika nyumba za wanachama waliojaliwa kuwa na kisima pamoja na umeme, iko sauti moja ambayo watu wameizoea hata hawaisikii tena. Ni sauti ya swichi ya pampu. Pampu inanguruma kidogo, inanyamaza. Kabla ndoo haijafika nusu, inanguruma tena, na tena inanyamaza. Mwosha madebe ya maziwa huendelea na kazi yake, na mlinzi wa usiku huendelea na usingizi wake, wala hapana amwambiaye katibu neno lolote, kwa kuwa maji yanatoka. Siku yasipotoka ndipo kamati huitwa na fundi hutafutwa. Jawabu la fundi aghalabu huwa fupi: mota imeungua, inunuliwe pampu mpya. Kamati huidhinisha, fedha za wanachama hutoka, pampu mpya hutumbukizwa kisimani. Siku ya kwanza tu ya kazi sauti ile ile husikika, na hapana anayeijali, maana pampu ni mpya.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba pampu ya namna hiyo mara nyingi haikufa kwa ubovu wake yenyewe. Imeuawa na tangi lililo kando yake, na hasa na upungufu wa kitu kisichouzwa dukani, nacho ni hewa. Katibu mwenye saa ya mkononi, debe la lita 20 na geji ya kupimia upepo wa tairi aweza kulitambua jambo hilo katika asubuhi moja, kabla hundi haijatiwa sahihi.

Kwanza yafaa ieleweke kazi ya tangi lenyewe, maana wengi hulidhania kuwa ni ghala la maji. Maji hayashindiliki. Chombo kilichojaa maji matupu na kufungwa, kikiongezwa kikombe kimoja presha yake hupanda ghafla. Kikipunguzwa kikombe kimoja presha huporomoka. Hewa ina tabia nyingine. Hushindiliwa ikajikunja, na ikiachiwa hujinyosha, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuziba kwa kidole mdomo wa pampu ya baiskeli kisha akasukuma. Tabia hiyo ndiyo iliyotiwa kazini ndani ya tangi la presha. Ndani ya chuma chake mna mpira unaotenga maji upande mmoja na hewa upande wa pili. Pampu iwakapo huingiza maji, maji huusukuma mpira, na hewa hujikunja kama springi. Mtu afunguapo bomba, hewa hujinyosha na kuyasukuma maji hadi jikoni au mahali pa kuoshea madebe, huku pampu imepumzika.

Anayeiambia pampu lini iwake na lini izime ni swichi ya presha. Katika mitambo midogo, swichi nyingi hutoka kiwandani zimetegwa kuiwasha pampu presha ishukapo hadi ratili 20 kwa inchi mraba, na kuizima ifikapo ratili 40. Nyingine hutegwa kwa 30 na 50. Ratili hizi ndizo wanazoziita mafundi wa tairi paundi. Penye geji za alama ya ba, ba moja ni kama ratili 14 na nusu.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo katibu azoeaye vitabu vya mizani hatashindwa nayo. Mwaka 1662 Robert Boyle, mtaalamu mzaliwa wa Ireland, alichapisha kanuni kwamba hewa ya kiasi kimoja, joto lake lisipobadilika, presha yake ikiongezwa mara mbili ujazo wake hupungua kuwa nusu. Walakini katika hesabu hiyo ni lazima ziongezwe ratili 14.7 za hewa ya anga penye usawa wa bahari, ambazo geji haizionyeshi. Chukulia tangi la lita 100, lililotiwa hewa ya ratili 18 likiwa tupu, na swichi ya 20 na 40. Pampu iwakapo hewa hujaza lita 94 za tangi. Pampu izimapo imebanwa hadi lita 60. Tofauti yake ni lita 34, na hayo ndiyo maji yote ambayo tangi laweza kutoa kabla pampu haijaitwa tena. Kwa hiyo tangi la lita 100 lina lita 34 za matumizi tu. Lile dogo la lita 24, ambalo huuzwa limepandishwa juu ya pampu na ambalo wanachama wengi wameliweka majumbani, lina lita 8.

Sasa itazamwe hali ya tangi lililoishiwa upepo. Mpira ukiwa mzima, lakini hewa imepungua pole pole kwa miaka hata geji ya tairi inaonyesha sifuri, tangi la lita 100 hutoa lita 15 tu mahali pa 34. Hapo pampu huwaka zaidi ya mara mbili ya ilivyopaswa, wala hapana atakayegundua kwa sikio. Mpira ukichanika kabisa, maji huingia upande wa hewa, na hewa yenyewe huyeyuka ndani ya maji na kuondoka nayo kwa njia ya bomba, siku baada ya siku. Mwisho wake tangi huwa kama kipande kinene cha bomba. Hutoa lita moja au pungufu.

Na ichukuliwe pampu itoayo lita 30 kwa dakika, ilhali mwosha madebe anatumia lita 10 kwa dakika. Kwa tangi zima la lita 100, pampu hupumzika dakika 3 na zaidi, kisha hufanya kazi karibu dakika moja na nusu na robo. Hiyo ni kazi ya heshima kwa mota. Kwa tangi lililobakiwa na lita moja ya matumizi, pampu hufanya kazi sekunde 3 na kupumzika sekunde 6. Sekunde 9 kwa kila mzunguko ni sawa na kuwaka mara 400 kwa saa moja.

Ubaya wa hesabu hiyo hauonekani mpaka ijulikane namna mota inavyoteseka inapoamka. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikiisha kushika mwendo. Umeme huo mwingi huwa joto katika nyaya zake, na joto hilo huhitaji muda wa kutoka. Mota iliyozamishwa kisimani hupozwa na maji yapitayo ubavuni mwake. Ikizimwa baada ya sekunde 3, maji hayajapita ya kutosha, na kabla haijapoa huamshwa upya. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa mota za kuzamishwa, za umeme wa njia moja, huweka kikomo cha kuwaka mara 100 kwa siku kwa zile zenye nguvu farasi 1 na zaidi, na mara 300 kwa zile ndogo kuliko hizo. Huongeza sharti kwamba kila iwakapo ifanye kazi dakika moja angalau. Pampu ya mfano huu, ikiwa na mota ya nguvu farasi 1, humaliza haki yake ya siku nzima katika robo saa ya kuosha madebe. Kwa hiyo fundi asemaye kwamba mota imeungua hasemi uongo. Kasoro yake ni kwamba amekomea hapo.

Liko kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo hufanywa kwa nia njema. Kamati iliyochoshwa na pampu kuungua husema: safari hii inunuliwe yenye nguvu zaidi. Pampu yenye nguvu zaidi hujaza tangi upesi zaidi, na tangi lijazwalo upesi huzima pampu upesi. Kwa tangi la lita 24, mtu akitumia lita 10 kwa dakika, pampu ya lita 30 kwa dakika hufanya kazi sekunde 24 kabla ya kuzima, nayo ni pungufu mno. Pampu ya lita 60 hufanya kazi sekunde 10. Fedha imeongezwa, na maisha ya mota yamefupishwa. Kanuni ya kupimia ni nyepesi: maji ya matumizi yaliyomo tangini yasiwe pungufu ya maji ambayo pampu huyatoa kwa dakika moja. Kwa kuwa maji ya matumizi ni kama theluthi moja ya ujazo wa tangi, pampu ya lita 30 kwa dakika inataka tangi la lita 90 au 100. Mwenye pampu ya lita 60 ajiandae kwa tangi la lita 200.

Kwa chama cha maziwa, jambo hili lina uzito wa namna yake. Madebe yaliyorudi kutoka mizunguko ya asubuhi hayana budi kuoshwa kabla mabaki hayajakauka. Siku pampu iungulapo, madebe huoshwa kwa maji ya kubebwa kichwani, tena machache, na maziwa ya jioni yatiwayo ndani yake huenda yakachachuka yakakataliwa. Mwanachama aliyekamua ng'ombe wake vizuri na kuleta maziwa safi hupata hasara kwa ajili ya tangi ambalo hakuliona kamwe. Hasara hiyo haionekani katika ankara ya pampu mpya.

Uchunguzi wenyewe sasa. Kabla ya yote, atakayeugusa mtambo na azime umeme katika swichi kuu, si kwa kuchomoa tu fyuzi ambayo mwingine aweza kuirudisha, na aweke mtu au kibao cha kuzuia usiwashwe. Chini ya kifuniko cha swichi ya presha mna ncha za waya zilizo wazi, tena mahali penyewe ni pa majimaji. Kazi ya waya ni ya fundi wa umeme. Kazi inayoelezwa hapa ni ya maji na upepo tu, na sehemu kubwa yake hufanywa kwa macho na masikio.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, pampu huwaka na kuzima wakati maji yanapotumika tu, au huwaka hata mabomba yote yamefungwa? Majibu mawili haya huongoza kwenye magonjwa mawili tofauti, na mafundi wengi hupoteza siku kwa kutouliza.

Iwapo pampu huhangaika wakati wa matumizi tu, tangi ndilo la kushukiwa. Bomba moja lifunguliwe, na mtu asimame mbele ya geji ya presha na saa mkononi. Katika tangi zima mshale hushuka pole pole kutoka 40 kwenda 20, kama jua linavyoshuka, kisha hupanda pole pole. Katika tangi lililokosa hewa mshale huruka juu na kuanguka chini kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha tangi ligongwe kwa kifundo cha kidole kutoka chini hadi juu. Penye maji husikika sauti nzito, penye hewa sauti ya debe tupu. Tangi lililo zito kotekote, hata likitikiswa kidogo halitetereki, limejaa maji.

Uthibitisho uko kwenye vali ndogo ya hewa, ambayo kwa kawaida hufichwa chini ya kifuniko cha plastiki juu ya tangi, au nyuma yake kwa yale yaliyolazwa. Ni vali ya namna ya tairi la gari. Sindano yake ibonyezwe kidogo kwa ncha ya msumari. Ikitoa hewa, mpira huenda ni mzima. Ikitoa maji, hakuna haja ya kuendelea: mpira umepasuka. Katika matangi mengi ya kulazwa, na katika baadhi ya yale ya kusimama, uko mfuniko wa chuma uliokazwa kwa bolti, na mpira waweza kutolewa na kuwekwa mpya kwa sehemu ndogo ya bei ya pampu. Matangi mengine yamezibwa moja kwa moja kiwandani; hayo hubadilishwa mazima. Katibu anunuapo tangi na aulize dukani ni la aina gani, na kama mpira wake hupatikana peke yake. Swali hilo moja litamfaa baadaye kuliko rangi ya tangi.

Ikitoka hewa, kazi inayofuata ni kuipima, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi kuliko mahali pengine popote. Hewa haipimwi tangi likiwa na maji. Maji yakiwamo, geji ya tairi itaonyesha presha ya maji yaliyousukuma mpira, wala haitasema lolote juu ya kiasi cha hewa. Tangi bovu kabisa laweza kuonyesha ratili 35 na kumfurahisha aliyepima. Umeme uzimwe, bomba lililo chini zaidi lifunguliwe, maji yaachwe yatoke mpaka yakome na geji ya maji ilale kwenye sifuri; bomba liachwe wazi, na ndipo hewa ipimwe. Kipimo kinachotakiwa ni ratili 2 chini ya ile presha ya kuwasha pampu. Swichi ya 20 na 40 inataka hewa ya 18. Swichi ya 30 na 50 inataka 28.

Pungufu iongezwe kwa pampu ya kujazia tairi la gari. Si kila pampu ya baiskeli huishika vali hii, na baiskeli nyingi za mizigo zina vali ya namna nyingine. Mashine ya kujazia upepo ya gereji yafaa pia, lakini ifunguliwe kwa kiasi na ipimwe mara kwa mara, kwa sababu mpira mkavu huchanika. Wala pasiwe na fikira kwamba hewa nyingi ni baraka. Hewa ikizidi presha ya kuwasha, tuseme ratili 26 kwa swichi ya 20, maji yote huwa yameisha tangini kabla swichi haijaamka. Mtumiaji huona maji yakikatika ghafla, bomba likikohoa, kisha maji yakirudi kwa kishindo. Dalili hiyo hudhaniwa kuwa kisima kimekauka. Vyema ipimwe hewa kabla ya kumwita mchimbaji wa visima.

Hewa ikiisha kuwa sawa, vali ipakwe povu la sabuni ili kuona kama inavuja, na kifuniko chake kirudishwe. Tangi lililojazwa likapungukiwa tena katika siku chache lina tundu, ama kwenye vali, ambayo sindano yake hubadilishwa kama ya tairi, ama kwenye mpira.

Yako pia matangi ya zamani ya mabati mazito yasiyokuwa na mpira ndani, ambamo hewa na maji hukutana uso kwa uso. Hayo hayana ugonjwa yapoteapo hewa. Ndiyo tabia yao, kwa kuwa maji huimeza hewa kidogo kidogo. Dawa yake ni kuzima pampu, kulimwaga tangi lote huku koki ya juu ikiwa wazi ili hewa iingie, kisha kufunga na kujaza upya. Mwenye tangi la namna hiyo na aifanye kazi hiyo kila isikikapo pampu kuharakisha.

Hewa ikiwa sawa na pampu bado yahangaika wakati wa matumizi, kuna wezi wengine wachache. Kibomba chembamba kinachounganisha swichi na bomba kuu huzibwa na kutu au mchanga, hata swichi ikapata habari za presha kwa kuchelewa au kwa vishindo. Kichungi cha maji kilichowekwa kati ya swichi na tangi, kikijaa uchafu, huifanya swichi ione presha kubwa wakati tangi lingali tupu. Kichungi mahali pake ni baada ya tangi.

Na swichi yenyewe? Ndani yake mna springi mbili zenye nati. Katika swichi za kawaida nati kubwa huinua au kushusha presha ya kuwasha na ya kuzima kwa pamoja. Nati ndogo hupanua nafasi iliyo kati ya hizo mbili. Fundi mwenye haraka, akisikia pampu inahangaika, hukaza nati ndogo ili pampu ikawie kuzima. Kweli hukawia. Lakini akikaza kupita kiasi, presha ya kuzima huwa juu ya uwezo wa pampu, na pampu hufanya kazi usiku kucha bila kuifikia, ikiyakoroga maji yale yale mpaka yachemke. Tangi nalo lina presha ya juu iliyoandikwa ubavuni mwake, na haifai kupitwa. Nati hizi zisiguswe kabla hewa haijapimwa, na kila zikiguswa hewa ipimwe upya, kwa kuwa kipimo chake hufuata presha ya kuwasha.

Ugonjwa wa pili ni wa pampu iwakayo usiku wa manane na hapana atumiaye maji. Hapo maji yanatoroka. Koki iliyo baada ya tangi, iendayo kwenye majengo, ifungwe, na geji itazamwe kwa nusu saa, pampu ikiwa imezimwa presha ikiwa juu. Mshale ukitulia, maji hutorokea majengoni: bomba lidondokalo, bomba lililopasuka chini ya ardhi, au tangi la choo ambalo boya lake halifungi sawasawa na maji hupita kimya kimya. Unga wa rangi au majivu kidogo yakitiwa ndani ya tangi la choo, yakionekana bakulini bila mtu kuvuta maji, mwizi amepatikana. Mshale ukiendelea kushuka ilhali koki imefungwa, na viungo vilivyo kati ya tangi na koki ni vikavu, maji yanarudi kisimani. Ile vali inayopaswa kuyazuia yasirudi, iwe ni ya kwenye bomba la pampu ya kuzamishwa au ile ya mwisho wa bomba la kufyonza la pampu ya juu, imeingiwa na mchanga au raba yake imelika.

Pampu ya juu ina dhiki yake zaidi. Haivuti maji bali huyaondolea hewa ili anga iyasukume, na hata penye usawa wa bahari anga haiwezi kuyainua zaidi ya meta 10 hivi. Katika kazi, meta 7 ndicho kiasi cha kutumainiwa. Nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, hupungua tena. Mwanachama wa milimani ambaye maji ya kisima chake hushuka wakati wa kiangazi asishangae pampu ya juu ikikohoa. Hilo halitibiwi kwa tangi.

Liko swali ambalo kamati nyingi hazijiulizi, nalo ni kama tangi la presha lilihitajika tangu hapo. Tangi la plastiki la lita 2,000 au zaidi juu ya mnara, lenye swichi ya boya, huifanya pampu iwake mara moja au mbili kwa siku na kufanya kazi kwa muda mrefu, jambo ambalo mota hulipenda kuliko yote. Umeme ukikatika, na hukatika, chama hubaki na maji ya siku nzima. Tangi la presha la lita 100 humwachia mwosha madebe lita 34, kisha basi. Upungufu wa mnara ni presha: kila meta 10 za kimo hutoa ratili 14 tu, na mnara wa meta 4 hautoi hata ratili 6. Hizo hutosha kuoshea, kupikia na kunyweshea mifugo. Hazitoshi mpira wa kuoshea kwa nguvu wala baadhi ya mashine za kupashia maji moto. Vyama vinavyohitaji yote mawili hufanya vyema kupandisha maji ya kisima mnarani kwanza, kisha kuweka pampu ndogo na tangi lake la presha kwa ajili ya mahali pa kuoshea peke yake. Pampu hiyo ya pili, hata ikiharibika, hubadilishwa juu ya ardhi bila kamba wala mtu wa kuingia kisimani.

Kwa vyama vilivyo na mtambo tayari, litengwe daftari moja la pampu. Ndani yake iandikwe tarehe iliyowekwa pampu na nguvu yake. Maji itoayo kwa dakika, ambayo hupimwa kwa debe na saa. Ujazo wa tangi. Presha mbili za swichi. Na hewa iliyokutwa kila ilipopimwa, mara mbili kwa mwaka. Fundi ajapo kutoa shauri la kununua pampu mpya, kamati na imwombe aandike katika daftari hilo hilo hewa aliyoikuta tangini, maji yakiwa yametolewa. Aliyeipima ataiandika mara moja. Ambaye hakuipima atarudi kwenye tangi, na hapo huenda shauri lake likabadilika.

Na kazi ya matengenezo isipokelewe kwa maneno. Pampu iachwe ijaze tangi mpaka izime yenyewe; umeme ukatwe; bomba lifunguliwe na maji yakingwe kwa debe la lita 20 mpaka mshale wa geji ufike presha ya kuwasha. Kwa tangi la lita 100 lenye swichi ya 20 na 40, debe la kwanza lijae, na la pili lipite nusu. La pili lisipofika nusu, malipo yangoje.